Ndoo Moja ya Maganda

Kila kijana anayeingia katika kazi ya bunduki hutaka kwanza asimuliwe habari za bunduki iliyolipuka. Sina. Nimefanya kazi hii hapa Annandale, Marekani, mpaka macho yakaniambia basi, na haikulipuka hata moja mezani kwangu, labda kwa sababu mimi ni mwoga, na mwoga hukagua mara mbili. Nilicho nacho ni habari za bunduki iliyopiga vizuri asubuhi na kupiga ovyo mchana, mikononi mwa mtu yuleyule, kwa risasi za kopo lilelile. Iliyolipuka ni rahisi, unaokota vipande. Hii nyingine ndiyo itakayokulaza chali ukitazama dari, ukijiuliza kwa nini hukusomea ualimu.

Niwaambie mapema mimi ni fundi wa namna gani, msije mkasikia kwa watu. Sijawahi kuwinda. Msitu siupendi, una kupe, una matope, na hauna kochi. Nilizaliwa Taita, nikamaliza kidato cha nne Voi kwa alama ambazo mwalimu mkuu alizisoma kwa sauti ya chini ili kunihurumia, nikaingia karakana ya reli nikajifunza tupa na jiliwa. Mke wangu ni nesi. Yeye ndiye aliyepata karatasi za kuja Virginia, mimi nikafuata kama sanduku la pili. Kazi ya bunduki niliipata kwa sababu duka lilikuwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani, na kazi nyingine niliyoahidiwa ilitaka mabasi mawili. Wengine huitwa na kipaji. Mimi niliitwa na uvivu wa kusimama kituoni kwenye baridi.

Mwenye duka aliitwa Walter, mzee wa Kimarekani mwenye kimo kirefu na kauli fupi, redio yake ya besiboli ikinguruma tangu kufungua hadi kufunga. Wiki yangu ya kwanza alinipa darubini niifunge juu ya bunduki ya mteja. Nikakaza skrubu kwa mkono wa reli. Ikakatika shingo, kichwa kikaning'inia kwenye bisibisi kama kichwa cha kuku. Walter akazima redio, jambo ambalo hakulifanya hata timu yake ilipopigwa vibaya, akanitazama. "Hilo si garimoshi," akasema. Akaiwasha tena. Huo ndio ulikuwa mhadhara wangu wote wa ufundi.

La pili alilonifundisha alilirudia mpaka nikalisikia usingizini: badilisha kitu kimoja, kisha nenda ukapige. Ukibadilisha viwili na bunduki ikapona, hujui ni dawa ipi iliyoiponya. Ikizidi kuugua, hujui ni ipi iliyoiua. Vijana hamlipendi neno hili kwa sababu ni la polepole. Mnataka kufungua kila kitu, kusafisha kila kitu, kukaza kila kitu, halafu mnashangaa. Endeleeni kushangaa.

Basi katika miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, kiangazi kikiwa kinaelekea ukingoni, akaingia Athumani.

Alikuwa dereva wa teksi kule Alexandria, mtu wa Msambweni, mwembamba, mwenye ndevu alizozichana vizuri kuliko nywele zangu. Bunduki yake alikuwa ameizungushia kikoi kabla ya kuitia katika mfuko wake wa kubebea, kama mtoto anayeogopewa mafua.

"Fundi Mwakio, hii imenigeuka," akasema.

"Imekugeukaje?"

"Nikipiga tatu, mbili zalala pamoja kama mapacha, ya tatu yaenda kwa jirani. Kesho yake zote tatu pamoja. Keshokutwa kila moja na kwao."

"Labda ni wewe. Unalala vizuri?"

"Mimi ni mtu wa teksi, bwana. Sijalala vizuri tangu niingie nchi hii. Lakini hata hapo zamani nilikuwa silali, na nilikuwa napiga."

Hilo lilikuwa jibu zuri. Likitokea kwenu msilidharau. Mteja akikwambia kilichobadilika, msikilize. Akikwambia na kisichobadilika, mpe kiti.

Nikampa kiti. Akanieleza kwa nini ana haraka. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakiwinda kulungu kila Novemba ng'ambo ya milima ya Blue Ridge, kwenye shamba la matufaha la mama mmoja mjane. Kulungu walimtafunia miche, kwa hiyo aliwafungulia lango. Msimu uliopita Athumani alimwekea kulungu darubini begani, akapiga bismillahi, akafyatua, na risasi ikaenda tumboni. Mnyama akakimbia. Wakafuata damu mpaka giza, wakaipoteza kwenye kijito. Siku chache baadaye yule mama akamkuta mwenyewe, chini ya mitufaha yake, kwa harufu.

"Alinipigia simu," Athumani akasema. "Hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema, mmoja mwingine namna hii na lango langu nafunga, kwenu nyote. Sikiza, fundi. Wale wenzangu hawana kosa. Shamba likifungwa, limefungwa kwa sababu yangu."

Wenzake nami niliwajua kwa sura. Wekesa, Mbukusu mnene wa Bungoma, alikuwa akitunza wazee katika nyumba ya wazee. Kasongo alitoka Lubumbashi, alikuwa mlinda magari kwenye maegesho ya chini ya ardhi, mtu ambaye saa nane kwa siku hakuona jua. Kwa hao watatu, shamba lile ndilo lilikuwa mahali pekee Marekani ambapo hakuna aliyewaamrisha. Nilielewa. Mimi nina kochi. Wao walikuwa na shamba la mtu.

Nikaanza na skrubu za darubini, kwa sababu tangu ile siku ya kichwa cha kuku skrubu huniogopesha. Nikakuta moja ya chini imelegea, kidogo tu, kiasi cha ukucha. Nikafurahi kama mtu aliyeokota pochi. Nikaikaza kwa adabu, tukaenda uwanja wa shabaha, akapiga. Tatu za kwanza ungeweza kuzifunika kwa sarafu. Nikaanza kuwaza chakula cha mchana. Tatu zilizofuata, moja ilikuwa mbali shubiri nzima.

Mkumbuke hapo: kosa la kweli nililipata, nililirekebisha, na ugonjwa ukabaki. Hakuna kinachomvunja fundi moyo kama hicho. Usipopata kitu una matumaini. Ukipata kitu na kisisaidie, unaanza kushuku kwamba hujui kazi.

Wiki iliyofuata nikageukia mbao. Majira ya joto ya huku ni kama kuishi ndani ya sufuria lililofunikwa, na mbao hunywa ule unyevu zikavimba. Mtutu wa bunduki ya kuwindia unatakiwa uelee, usiguswe na mbao kule mbele. Kipimo chake ni kipande cha karatasi: unakipitisha kati ya mtutu na mbao, kinatakiwa kiteleze mpaka nyuma. Chetu kilikwama njiani. Nikakwangua, nikapiga msasa, nikapaka vanishi ili mbao isinywe tena. Tukapiga. Nafuu kidogo. Kisha moja ikaenda kwa jirani.

"Yaona?" Athumani akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha daktari kidonda. "Yaona inavyonidhihaki?"

Nikasafisha mtutu siku nzima, maana shaba ya vichwa vya risasi huganda ndani. Kitambaa kilitoka cha buluu, kisha kijani, kisha cheupe. Nikatazama mdomo wa mtutu kwa kioo, kwa sababu mkwaruzo mdogo pale mwishoni hupotosha risasi inapoaga. Ulikuwa safi kama bilauri. Tukapiga. Mnajua.

Kufikia hapo nilikuwa nimeacha kula vizuri. Mke wangu, mama watoto, akirudi kutoka zamu ananikuta nimeketi mbele ya televisheni iliyozimwa. "Kuna mgonjwa wako amekufa?" akaniuliza. Nikamwambia hajafa, na hilo ndilo tatizo. Binti yangu aliyekuwa akisoma chuoni College Park akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nimnunulie yule mzee bunduki nyingine. Watoto wa huku hawajui kutengeneza kitu. Wanajua kubadilisha.

Walter ndiye aliyesema. Hakugeuka hata kutoka kwenye redio. "Umempa risasi za dukani?"

Sikuwa nimempa. Wakati wote Athumani alikuwa anapiga risasi alizojaza mwenyewe nyumbani. Nikachukua boksi la kiwandani, nikaenda nalo. Tano za kwanza zikaingia mahali pamoja. Tano za pili zikafuata. Bunduki ilikuwa imeshapona tangu ile siku ya mbao. Sisi ndio tulikuwa tunailisha kitu kibaya.

"Basi anunue hizo," mtasema. Nami nilisema. Athumani akanitazama kama nimemwambia ale hotelini maisha yake yote hali mkewe yuko jikoni.

"Zetu twajaza wenyewe," akasema. "Watatu. Hiyo ndiyo kazi yetu."

Kwa msiojua: risasi ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba, fataki ndogo kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa ambacho ndicho kinachoruka. Ukipiga, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Ganda linabaki. Mwenye subira huliokota, hulisafisha, hulikaza shingo kwa mashine ndogo ya mezani, huweka fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya. Akifanya vizuri, risasi yake huishinda ya kiwandani. Akifanya vibaya, mnamwona Athumani.

Nikang'oa vichwa vya risasi zake kumi na kitu nikaipima baruti, nikiwa na uhakika kwamba sasa nimemshika mwizi. Kila moja ilikuwa sawasawa na mwenzake. Sawasawa kabisa, wanangu. Wekesa, ambaye maisha yake yote hupima vidonge vya wazee, alikuwa akipima baruti kwa uaminifu uleule. Vichwa vilikuwa vya namna moja. Urefu ulikuwa mmoja. Nilirundika yale yote mezani, nikainamisha kichwa, nikakaa hivyo. Sijui muda gani. Sitawadanganya kwamba nilikuwa nafikiri.

Kilichonifungua macho si akili. Ni kiganja. Nilikuwa natia risasi zake na kuzitoa, kwa kukosa la kufanya, nikafunga bolti, ile fimbo unayoisukuma kufunga chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hulala. Moja iliingia laini. Ya pili laini. Ya tatu ikanikatalia kidogo, nikalazimika kuibonyeza. Bunduki ya Athumani ilikuwa nzuri, ya chemba ya kubana, na bunduki nzuri hudeka kama mtoto wa mwisho. Ilikuwa inaniambia tangu mwanzo kwamba baadhi ya risasi hizi zimezoea kulala kitanda kingine.

Nikaondoka na maganda yale kwenda nyumbani, kwa sababu mimi hufikiri vizuri nikiwa nimevaa ndara. Nikayasafisha, nikaketi jikoni, nikachukua bomba la sindano la mke wangu lisilo na sindano, nikajaza kila ganda maji mpaka ukingoni nikihesabu matone. Kwa nje yote yalikuwa pacha. Kwa ndani, mengine yalikuwa na kuta nene yakinywa maji kidogo, mengine membamba yakinywa zaidi. Baruti ileile ndani ya chumba kidogo husukuma kwa hasira zaidi. Na shingo: nyingine zilikuwa bado laini, nyingine zimekuwa ngumu kwa kupigwa na kukazwa mara nyingi, zinashika kichwa kama bakhili anavyoshika chenji. Haya hayakuwa maganda ya mtu mmoja. Huu ulikuwa mkutano wa hadhara.

"Athumani," nikamwambia kwa simu, "maganda yako unayatoa wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Ndoo gani?"

"Njoo Jumapili kwa Wekesa uione."

Nami nikatoka nyumbani Jumapili, jambo ambalo mke wangu alilisimulia kanisani kama muujiza.

Wekesa aliishi karibu na Alexandria, na kule chini ya nyumba alikuwa na chumba kisicho na dirisha. Nilikuta ugali umeshapikwa, chai ya maziwa iko kwenye jagi, Kasongo ameweka muziki wa rumba. Mashine ya kukazia ilikuwa ya Wekesa, imefungwa mezani kwake. Mizani ilikuwa ya Athumani, alikuja nayo mapajani kama keki. Baruti aliitunza Kasongo. Hakuna aliyeweza kujaza risasi hata moja bila wenzake wawili, na ndivyo walivyotaka. Hata bunduki walinunua za risasi ya namna moja ili wasitengane. Walibadilishana zamu, walisihi wasimamizi wao, walighairi safari za uwanja wa ndege, ili Jumapili moja katika mwezi wawe pale.

Katikati ya chumba palikuwa na ndoo ya plastiki iliyowahi kuwa na rangi ya kupaka ukuta. Kila aliyeingia alitoa maganda mfukoni akayamimina humo, yakalia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Ya Athumani, ya Wekesa, ya Kasongo, na mengine waliyookota uwanjani yaliyoachwa na watu wasiojulikana, mpaka ya jeshi. Kisha kila mtu anachota anachohitaji.

"Hapa hakuna changu, fundi," Wekesa akaniambia akinimiminia chai. "Chama ni chama. Ukianza kuchagua, umeanza kuondoka."

"Nyinyi Wataita mko namna gani?" Kasongo akaingilia. "Banasema munapenda kuikala juu ya mlima na kuangalia bantu bengine banachoka."

"Tunapenda kukaa, mlima au bila mlima," nikasema, wakacheka, na nikatamani niishie hapo.

Nikawaambia. Niliwaeleza polepole, nikawaonyesha matone. Bunduki ya Wekesa ilikuwa na chemba pana iliyozoea kumeza chochote, na Kasongo hakupiga mnyama mpaka amkaribie kiasi cha kumsalimia, kwa hiyo wao hawakuona kitu. Ndoo ilimwadhibu yule mwenye bunduki nzuri peke yake. Dawa yake ni kwamba Athumani awe na maganda yake, ya kiwanda kimoja, yaliyopigwa ndani ya chemba yake tu, idadi sawa ya mara, yasichanganywe na ya mtu.

Rumba ikaendelea kuimba peke yake.

"Mon frère," Kasongo akasema mwishowe, "uko nasema ndoo iko mugonjwa?"

"Ndoo haina ugonjwa. Kuchanganya ndiko kunakopotosha."

"Wacha nikuulize, bana," Wekesa akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwa hivyo yake ni ya kubana, yataka vitu safi. Zetu ni za kula makombo. Ndivyo?"

"Sijasema hivyo, Wekesa," Athumani akasema.

"Hujasema. Amesema fundi. Wewe umemleta."

Athumani aliinamisha macho. Angeweza kukataa. Angesema afadhali risasi itawanyike kuliko ndoo igawanywe, na wangecheka, na wangekula ugali. Lakini yule kulungu wa chini ya mitufaha alikuwa naye pale chumbani, mimi nilimwona usoni mwake. "Lango litafungwa," akasema. "Kwetu sote. Ni mpaka Novemba tu. Tugawe mpaka Novemba."

Tukamwaga ndoo sakafuni. Tukapiga magoti, watu wazima wanne, tukisoma chapa ndogo kwenye vitako vya maganda, tukitenga. Yaliyo mazuri ya chapa moja akapewa Athumani kwa sababu bunduki yake ndiyo iliyodai. Kila mtu akapata kopo lake. Wekesa akaandika jina kwenye la kwake kwa kalamu ya wino mzito, akakazia herufi mara mbili. Ugali ulipoa. Nilipoaga, alinipa mkono bila kuniangalia.

Msinitazame hivyo. Ningeulizwa leo ningejibu vilevile, kwa sababu ndivyo ilivyo. Shaba haijui undugu. Lakini hakuna aliyenifundisha, si reli wala Walter, la kufanya dawa inapomponya mgonjwa na kubomoa nyumba aliyolazwa.

Athumani alipiga yale maganda yake mara moja, akayajaza tena, tukaenda uwanjani. Tano zikaingia tundu moja lenye kingo zilizochanika. Akapiga tano nyingine mahali palepale. Nilitazama kwa darubini ya uwanjani nikasubiri ile ya jirani, nikiwa nimeshakunja uso tayari. Haikuja. Athumani alishusha bunduki akatikisa kichwa. Hakutabasamu, wala mimi.

Hawakugombana. Watu wakigombana hupatanishwa. Ilianza kwamba Wekesa, kwa kuwa sasa hakuhitaji kukubaliana na mtu, alibadilisha vichwa akanunua vizito. Vichwa vizito vikataka baruti nyingine, basi akanunua yake. Kasongo akabaki na baruti isiyotakiwa na mtu. Athumani akaona aibu kubeba mizani kwenda kwenye nyumba ambayo kila kopo lina jina, akajinunulia mashine ndogo akaifunga kwenye meza ya chumba chake cha ghorofa ya nane. Sasa kila mmoja aliweza kujaza risasi siku yoyote aliyopata nafasi. Na hakuna aliyelazimika kubadilisha zamu. Jumapili ya Oktoba, Kasongo alienda kwa Wekesa peke yake akakuta kufuli. Wekesa alikuwa amechukua zamu ya ziada. Kasongo alinisimulia hayo mwenyewe, kule chini kwenye maegesho yake, akirudia kwamba hakukasirika.

Novemba ikafika. Mama wa matufaha alifungua lango, likaingia gari moja. Athumani alilala kwenye majani makavu asubuhi nzima, akampiga kulungu dume mara moja, nyuma ya bega, akaanguka pale alipokuwa amesimama. Upigaji safi kabisa. Mwenyewe hajawahi kupiga vizuri hivyo. Kisha akasimama juu ya mnyama mzito kuliko yeye, kwenye mteremko, hana wa kushika miguu ya nyuma. Alimburuta mpaka jioni. Aliniletea paja zima, limefungwa vizuri, akalisimamisha mezani.

"Mpelekee Wekesa nusu," nikamwambia.

"Nilimpelekea. Alishukuru. Alisema asante kama unavyomwambia mtu wa posta."

Shamba liliokolewa. Msimu uliofuata hakuna hata mmoja wao aliyekwenda, hata Athumani. Yule mama alinipigia dukani, maana kadi yetu alikuwa nayo, kuuliza kama wale mabwana watatu wamehama. Miche yake inaliwa. Nilimwambia sijui. Kumbe nilijua.

Sasa mnaniuliza kila mara ni kazi gani iliyonishinda. Mnatarajia niseme bunduki fulani ya zamani, yenye chemba iliyoliwa na kutu. Ni hii niliyoifaulu.

Walter alikuwa ameshastaafu na duka liko mikononi mwa mpwa wake, mimi bado niko mezani, Athumani alipoingia Alhamisi moja ya baridi na bunduki ndani ya kikoi. Ndevu zilikuwa zimeota mvi, na hazikuchanwa.

"Imeanza tena," akasema.

"Inatawanya?"

"Vibaya sana. Kila moja na kwao."

Nikaichukua, nikaenda nayo uwanjani na maganda yake aliyoyajaza mwenyewe. Nilipiga mimi, ambaye si mpigaji, mwenye mikono ya kushikia kikombe. Tano zikaingia tundu moja. Nikabadilisha karatasi ya shabaha nikapiga tena ili niwe na hakika. Tundu moja. Nikazikunja zile karatasi nikazitia mfukoni, nikarudi dukani. Alikuwa ameketi ameshika kofia, anatazama mlango.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona. Ina hali mbaya, Athumani."

"Nilikwambia." Akapumua. "Niiache?"

"Usiiache. Hii ni ya kutazamwa kidogo kidogo. Njoo nayo kila Alhamisi. Lakini nisikudanganye, ugonjwa huu hauponi upesi."

"Najua hauponi," akasema, akavuta kiti karibu na meza.